Mbio Zisizo na Uwanja

(Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya wapanda baiskeli na wanafunzi wa filamu. Waliokosa kufika wameiomba nzima, basi naiweka kama ilivyosemwa. Vipande vya video vilivyoonyeshwa ukutani nimeviacha.)

Mwenyekiti, walimu wetu, wapanda baiskeli mliotundika helmeti kwenye viti, wanafunzi wa filamu, na nyinyi mlioburutwa na marafiki bila kujua mnakuja kusikiliza nini: habari za jioni.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa amewahi kusimama kando ya barabara akitazama mbio kubwa za baiskeli? Inueni mikono. Vizuri. Sasa nyinyi wenye mikono juu, semeni kweli: mliona nini?

Nitawajibia. Ulifika mapema upate nafasi penye kona. Ukasubiri. Yakapita magari ya matangazo, ikapita pikipiki ya polisi, ikapita nyingine. Mtu akapiga kelele, "Wanakuja!" Ukasikia mvumo wa minyororo, upepo ukakupiga usoni, rangi zikapita, na ndiyo basi. Watu mia na hamsini wamekupita na hujamtambua hata mmoja. Ukamgeukia jirani: nani anaongoza? Jirani naye anakuuliza wewe.

Mpira una uwanja. Ngumi zina ulingo. Mbio za baiskeli za barabarani zinaweza kuwa na kilomita 200 za milima na mashamba, na Tour de France ina hatua 21, kila hatua siku yake. Hakuna kiti duniani ambacho ukikikalia utaziona zote. Hata waendeshaji wenyewe hawazioni: aliye nyuma hajui yaliyotokea mbele mpaka aambiwe na gari la timu. Ndiyo maana nasema, na jioni hii nitalirudia: mbio hizi hazionekani, zinasimuliwa. Asiyesimuliwa hajaziona.

Wala msidhani hilo ni kasoro iliyojitokeza baadaye. Ndivyo zilivyozaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1902 gazeti la michezo la Paris, L'Auto, lilikuwa linabanwa na mshindani wake, Le Vélo. Mhariri Henri Desgrange alihitaji wasomaji, na alihitaji haraka. Kijana wake wa chumba cha habari, Géo Lefèvre, akatoa wazo: tuandae mbio za kuizunguka Ufaransa nzima. Fikirini hilo vizuri. Gazeti halikwenda kuripoti mbio, gazeti lilitengeneza mbio ili lipate cha kuripoti! Zikafanyika mwaka 1903: hatua sita, zaidi ya kilomita 2,400, nyingine zikiendeshwa usiku kucha wakati msomaji amelala. Akiamka, afanye nini? Anunue gazeti.

L'Auto lilichapwa kwenye karatasi ya njano. Mwaka 1919 anayeongoza Tour akaanza kuvaa jezi ya njano. Kule Italia, Giro, mbio za kuizunguka nchi hiyo, ilianzishwa mwaka 1909 na La Gazzetta dello Sport, gazeti la karatasi ya waridi, na tangu 1931 kiongozi wa Giro huvaa jezi ya waridi. Bingwa anavishwa rangi ya gazeti! Mchezo gani mwingine umemvisha mshindi wake nembo ya msimulizi waziwazi namna hiyo?

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini filamu za makala za baiskeli zina mvuto kwa watu ambao hawajawahi hata kubadilisha tairi lenye pancha, jibu langu ni hilo. Filamu ndiyo uwanja ambao mbio hizi hazikuwahi kuwa nao.

Mfano wangu mkubwa ni wa Aprili 1976. Mshairi na mtengeneza filamu wa Denmark, Jørgen Leth, alikwenda kuzipiga Paris–Roubaix, mbio za siku moja kaskazini mwa Ufaransa zinazopita kwenye barabara za mawe za mashambani. Wanaziita Jehanamu ya Kaskazini, jina lililotokana na waandishi wa habari waliokwenda kuikagua njia hiyo mwaka 1919 wakakuta Vita vya Kwanza vya Dunia vimeifanya magofu na mashimo. Filamu ya Leth kwa Kiingereza inaitwa A Sunday in Hell.

Mtu mwingine angeanza na kishindo. Leth anaanza na fundi. Fundi anaisafisha baiskeli, polepole, kwa brashi, sehemu moja baada ya nyingine, na kamera haina haraka. Halafu tunawaona wakubwa wa siku hiyo: Eddy Merckx, anayesumbuka na urefu wa kiti chake mpaka unataka kumwambia, bwana, kimetosha; Roger De Vlaeminck, ambaye tayari alikuwa ameshinda hapo mara tatu; Francesco Moser; na Freddy Maertens. Njiani waandamanaji wanayasimamisha mashindano. Ni wafanyakazi wenye mgogoro na gazeti, hebu oneni, gazeti tena. Kisha vumbi, pikipiki, helikopta, na kwaya inayoimba jina la mbio kana kwamba tuko kanisani.

Lakini kwa nini filamu ile bado inaishi? Si kwa sababu ya Merckx. Sikilizeni kilichotokea. Maertens akaanguka, akatoka. Alikuwa na msaidizi kwenye timu yake ya Flandria, mtu mkubwa wa mwili anayeitwa Marc Demeyer, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kumtumikia Maertens. Bosi ameanguka, mtumishi amebaki peke yake mbele na vigogo wa mchezo. Wakaingia uwanja wa Roubaix, mbio zinakomalizikia, watu wanne: Moser, De Vlaeminck, Mholanzi Hennie Kuiper, na Demeyer. Kamera zote za Leth zimekuja kwa ajili ya wengine. Aliyevuka mstari wa kwanza? Demeyer.

Hakuna mwandishi wa hadithi ambaye angethubutu kuandika hivyo. Demeyer alifariki Januari 1982, akiwa na miaka 31 tu. Ukiitazama filamu leo ukiwa unalijua hilo, mabafu ya Roubaix mwishoni, wanaume wenye nyuso nyeusi kwa vumbi wakijimwagia maji kwenye vyumba vya zege huku waandishi wakiwauliza maswali, yanakuwa kitu kingine kabisa.

Na hapa ndipo niko tayari kugombana na mtu. Wengi husema watu hupenda filamu hizi kwa sababu ya mateso: damu, mvua, miguu inayotetemeka. Mateso yamo, sikatai. Tangu 1962 mwongozaji Mfaransa Louis Malle katika Vive le Tour, filamu ya dakika kumi na nane hivi, alituonyesha waendeshaji wakivamia vilabu vya kando ya barabara na kunyakua chupa za vinywaji bila kulipa, kwa kiu. Tunacheka, kisha anatuonyesha mtu anayeyumba juu ya baiskeli kwa dawa alizomeza, kicheko kinakata. Sawa. Lakini mateso yako hata kwenye marathoni. Kitu ambacho baiskeli inacho na marathoni haina ni utumishi.

Nielezeni, nyinyi wapanda baiskeli, mkikaa mgongoni mwa mwenzenu mnaokoa nguvu kiasi gani? Wanasema theluthi, wengine zaidi. Upepo ndio adui mkubwa kuliko mlima. Kwa hiyo mtu mmoja akikubali kuchanwa na upepo, mwingine nyuma yake anapumzika. Timu ina watu wanane: mmoja wa kushinda, saba wa kuchoka. Saba wale hurudi kwenye gari, hujaza chupa za maji mpaka jezi zinaning'inia, na kupanda tena kuwagawia wenzao. Leth aliwapa nusu ya jina la filamu yake kuhusu Giro ya 1973: nyota na wachota maji.

Sasa mwaka 2004. Mwongozaji wa Denmark, Tómas Gislason, anaifuata timu ya CSC kwa filamu itakayoitwa Overcoming. Kwenye Tour ya mwaka ule Jens Voigt, Mjerumani, yuko mbele katika kundi lililochomoka. Nyuma, Jan Ullrich, Mjerumani pia, kipenzi cha taifa zima, anashambulia, na hilo linamtishia nahodha wa CSC, Ivan Basso. Sauti inatoka garini: Jens, simama, wasubiri wenzako, umfukuze Ullrich. Anaiacha nafasi yake mwenyewe. Anasubiri. Anavuta mpaka Ullrich anakamatwa. Kesho yake ni mbio za kupambana na saa kuupanda mlima wa Alpe d'Huez, na mashabiki wa Kijerumani wamejaa kando ya barabara wakimzomea na kumwita Yuda.

Nani kati yetu hajawahi kuwa Voigt? Nani hajawahi kufanya kazi ambayo jina la mwingine ndilo litakalosomwa? Mtazamaji asiyejua gia ni nini anaelewa kipande hicho bila kutafsiriwa. Mvuto uko hapo, ndugu zangu.

Lakini nimetaja Overcoming, na siwezi kuitaja nikaishia kwenye sifa. Maana mbio zinazosimuliwa zina hatari yake: msimulizi anaweza kudanganywa. Au anaweza kukubali kudanganywa.

Katika filamu ile aliyekaa garini akitoa amri ni Bjarne Riis, mshindi wa Tour ya 1996. Anazungumza taratibu, anafundisha vijana kustahimili, unatamani angekuwa mjomba wako. Mwaka mmoja kabla ya Gislason, Mjerumani Pepe Danquart alikuwa ameifuata timu ya Telekom katika Tour ya 2003 kwa filamu ya Höllentour. Humo wahusika ni Erik Zabel, mshindi wa jezi ya kijani ya Tour, ya mwenye pointi nyingi, mara sita mfululizo, na rafiki yake wa chumba kimoja, Rolf Aldag. Tunawaona wakikandwa misuli, wakitaniana, wakilalamika kama mume na mke waliozeeka pamoja. Filamu nzuri. Niliipenda, na bado naipenda.

Ikafika Mei 2007. Zabel na Aldag wakakaa mbele ya waandishi wa habari wakakiri kwamba walitumia EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Zabel alilia. Kesho yake, kesho yake tu, Riis naye akakiri kwamba ushindi wake wa 1996 ulikuwa wa EPO. Basso mwaka huohuo akafungiwa miaka miwili kwa kashfa ya kuongezewa damu iliyofichuliwa Hispania. Na Zabel, ambaye kwanza alidai alijaribu kwa muda mfupi tu, mwaka 2013 akarudi akakiri kwamba ilikuwa miaka mingi, mpaka 2003.

Mpaka 2003. Mnanielewa? Mwaka wa filamu. Kamera ilikuwa chumbani, imekaribishwa, imezoewa, na haikuona.

Je, tuzitupe filamu hizo? Wapo wanaosema ndiyo. Mimi nasema zitazameni mara mbili. Mara ya kwanza mtaona walichotaka kuonyesha. Mara ya pili sikilizeni ukimya: pale mazungumzo yanapogusa uchovu, au namna mtu anavyoamka kesho yake kama hajapanda mlima, kisha mtu anabadilisha mada. Tazameni milango. Mlango gani unafungwa kamera ikiwa nje? Wanafunzi wa filamu, hilo liandikeni kwenye daftari zenu, kwa sababu siku moja mtakuwa ndani ya nyumba ya mtu mnayempenda na mlango mmoja utafungwa.

Alex Gibney wa Marekani alikutana na mlango huo kwa njia ya pekee. Mwaka 2009 alimfuata Lance Armstrong aliporejea kwenye Tour akamaliza wa tatu. Filamu ilikusudiwa kuwa ya shujaa aliyeshinda saratani na sasa anarudi. Tuhuma zikazidi, filamu ikawekwa kando. Mwaka 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni likatoa ushahidi wake, Armstrong akanyang'anywa Tour zake zote saba, na Januari 2013 akakiri kwa Oprah Winfrey. Gibney akafanya nini? Akarudi na kamera, akamkalisha tena mtu yuleyule, akaichana filamu yake ya kwanza na kuishona upya. Akaiita The Armstrong Lie, Uongo wa Armstrong, na ndani yake anasema wazi kwamba yeye naye alikuwa ameanza kumshangilia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Armstrong ilikuwa na urefu wa Tour saba.

Na ipo nyingine, Icarus, ambayo ni kichekesho kilichogeuka tishio. Bryan Fogel, mpanda baiskeli wa ridhaa, aliamua kutumia dawa mwenyewe mbele ya kamera ili athibitishe kwamba vipimo haviwezi kumkamata. Alishiriki mbio za milimani bila dawa, kisha mwaka uliofuata akiwa na dawa. Mara ya pili akamaliza nyuma zaidi ya mara ya kwanza, maana gia zilimgomea! Lakini mshauri wake kwa njia ya video alikuwa Grigory Rodchenkov, mkuu wa maabara ya Moscow, na kashfa ya dawa ya Urusi ilipolipuka, Rodchenkov akakimbilia Marekani na kueleza jinsi sampuli za mkojo zilivyobadilishwa kupitia tundu la ukutani kwenye Olimpiki ya Sochi ya 2014. Icarus ilipata Oscar ya filamu bora ya makala mwaka 2018. Ilianza na baiskeli tu.

Sasa niseme kidogo kuhusu Netflix, kwa kuwa najua nusu yenu mmeingia humu kwa mlango huo. Tour de France: Unchained ilianza Juni 2023, sehemu nane juu ya Tour ya 2022. Shemeji yangu, ambaye baiskeli kwake ni ya kubebea magunia ya mkaa, sasa ananipigia simu kuniuliza hali ya Mfaransa Thibaut Pinot, mmoja wa waendeshaji wa humo. Anampenda Marc Madiot, aliyekuwa bosi wa timu ya Pinot, anavyopiga kelele garini. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ila kumbukeni timu zilizofungua milango msimu wa kwanza zilikuwa chache, na timu ya Tadej Pogačar haikuwamo. Mtu aliyeshinda Tour mbili zilizotangulia, na aliyepambana na Jonas Vingegaard mwaka ule mpaka milima ya mwisho ya Pyrenees, anapita kwenye skrini kama adui asiye na sauti. Kwa nini? Kwa sababu mkataba haukumgusa. L'Auto lingelielewa jambo hilo vizuri sana.

Basi swali langu kwenu ni hili: za kwetu nani anazisimulia?

Mwaka 2012 ilitoka Rising from Ashes, filamu ya timu ya Rwanda. Inamfuata Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994, mpaka Olimpiki ya London alikoshiriki mbio za baiskeli za milimani. Ipo sehemu ambayo sijawahi kuitazama macho makavu. Lakini angalieni hadithi imesimama kwenye miguu ya nani. Imesimama kwa kiasi kikubwa kwenye miguu ya kocha Mmarekani, Jonathan Boyer, anayekuja, anayehangaika, anayebadilika. Sauti ya msimulizi ni ya Forest Whitaker. Vijana wa Rwanda wanalia kwenye kamera vizuri. Wanapanga mbinu za mbio mara chache. Sisemi filamu ni mbaya. Nasema aliyeshika kamera alisimama upande mmoja.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ameshinda Tour nne, na habari zake zimepigwa kila upande. David Kinjah, Mkenya aliyemfundisha utotoni na anayeendelea kulea vijana kule Kikuyu, mara nyingi anapewa dakika chache za mwanzo, zenye vumbi na mbuzi, kisha ndege inapaa kwenda Ulaya. Suleiman Kangangi wa Kenya alimaliza wa tatu Tour du Rwanda ya 2017, akawa nahodha wa Team Amani, akafariki kwenye ajali ya mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Mtu wa namna hiyo anastahili saa mbili zake mwenyewe, akiongea Kiswahili.

Na Biniam Girmay wa Eritrea? Mei 2022 kule Jesi, Italia, anakuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya moja ya zile ziara tatu kubwa, za Ufaransa, Italia na Hispania. Anapanda jukwaani, anafungua chupa ya mvinyo, kizibo kinamruka jichoni, anapelekwa hospitali, kesho yake haanzi. Miaka miwili baadaye anashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Mwandishi gani anahitaji kuongeza chumvi hapo?

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267 na ushei, milima juu ya milima, na mshindi alikuwa yuleyule Pogačar. Yeye ameshasimuliwa vya kutosha, asanteni.

Nimalizie na swali nililoulizwa na dada mmoja pale mlangoni kabla sijapanda hapa. Kasema: mimi nina kamera moja, sina pikipiki, sina helikopta, nikae wapi? Dada, usikae kwenye mstari wa kumalizia, huko wamejaa. Kigali walianza zaidi ya watu 160, wakamaliza 30. Hao wengine wote walishuka kwenye baiskeli mahali fulani: mmoja kwa tumbo, mmoja kwa mnyororo, mmoja kwa sababu kazi ya kumvutia bosi imekwisha na hakuna tena wa kumvutia. Tafuta gari linalokuja nyuma kabisa kuwaokota. Omba kiti. Washa kamera mapema, kabla hajaingia wa kwanza, na akishaingia usimuulize kitu mpaka avue helmeti.